Mashine Isiyokosea: Staa wa Insta, Mama Yake na Kifimbo cha Dakika Moja

Kama unaishi mjini, mashine hii utakuwa umeshaiona. Iko kwenye vibanda vya karibu na stendi, kwenye maduka ya virutubisho ghorofa ya pili, kwenye semina zile za "afya na fursa". Unashika kifimbo cha chuma chenye waya unaoingia kwenye kompyuta, unakaa kimya dakika moja, picha za mwili zinazunguka kwenye skrini, halafu inatoka ripoti ya kurasa zaidi ya thelathini. Ini, figo, kongosho, mifupa, macho, homoni, mpaka "kiwango cha sumu mwilini". Hakuna sindano, hakuna hata tone la damu. Elfu kumi tu. Ukimaliza, pembeni yupo dada wa koti jeupe, na nyuma yake kabati la virutubisho.

Stori hii inamhusu mrembo mmoja ambaye kwa karibu mwaka mzima uso wake ndio ulikuwa tangazo la kampuni moja yenye mashine hiyo. Jina lake linahifadhiwa, maana mama yake hakuomba umaarufu. Wengi mnamfahamu kwa video zake za mapishi na kwa ile sauti yake ya "jamani wapendwa wangu". Dili lenyewe lilikuwa zuri: milioni mbili kwa mwezi, posti tatu kwa wiki, na familia yake nzima kupimwa bure.

Kitu kimoja kieleweke mapema, maana mitandaoni watu wanapenda kuruka hatua. Huyu dada hakuwa tapeli. Aliiamini ile mashine. Siku ya kwanza kushika kifimbo, ripoti ilimwambia kwamba anachoka haraka, usingizi wake si mzuri, tumbo lake linajaa gesi, hanywi maji ya kutosha na anabeba mawazo ya watu wengine. Alitoka pale akiwa ameshika kichwa. "Imenisoma mpaka moyoni," akawaambia wafuasi wake. Na alimaanisha.

Sasa tafuta mtu mzima yeyote hapa mjini ambaye hachoki, analala vizuri kila siku, tumbo halijai gesi na hana mawazo. Hutampata.

Jambo hili lilishapimwa zamani. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo yake binafsi. Akawaomba watoe alama, kuanzia 0 mpaka 5, maelezo hayo yamewapatia kiasi gani. Wastani ulikuwa 4.26. Darasa zima likaona limesomwa vizuri sana. Kumbe wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yale yale, na sehemu kubwa Forer aliichota kwenye kitabu cha nyota kilichokuwa kikiuzwa mtaani. Kila mtu alijikuta ndani ya maneno ambayo hayakuandikwa kwa ajili yake. Ndiyo maana nyota zako za wiki zinaonekana kukujua, na ndiyo maana "imenisoma" haitoshi kuwa ushahidi.

Ubaya ni kwamba mashine haikuishia kwa mrembo peke yake.

Mama yake anaishi Morogoro na ana kisukari, mwaka wa sita sasa. Vidonge asubuhi na jioni, kliniki kila mwezi, wali anaupima kwa jicho. Alipokuja Dar kusalimia, binti akampeleka kupimwa, bure kama mkataba ulivyosema. Ripoti ikatoka: kongosho liko vizuri, sukari iko ndani ya kiwango. Mama akauliza mara mbili. Dada wa koti jeupe akamwambia, "Mama, teknolojia imeshakua. Hii inasoma chembe kwa chembe." Akauziwa kopo mbili za unga wa kijani wa "kulinda kongosho".

Mama hakumwambia mtu. Akarudi kwake, akaviweka vidonge kwenye droo. Nani anapenda kumeza vidonge kila siku ya Mungu kama ameambiwa amepona? Na aliyempeleka si mtu baki, ni mwanawe wa kumzaa.

Wiki ya tano mdogo wake mrembo, kijana anayesomea maabara, akapita nyumbani kumsalimia. Alimkuta mama anakunywa maji kama ametoka shambani, anakwenda chooni kila baada ya muda mfupi, na akishika simu anaisogeza mbali kwa sababu maandishi yanacheza. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Nimechoka tu." Dogo hakubishana, akatoa kipimo chake cha sukari, akamchoma kidole. Kikasoma 24. Akachoma kidole kingine. 23.6. Usiku huo mama alikuwa hospitali kwenye dripu na insulini, na alitoka siku ya tatu. Daktari alisema wangechelewa siku chache, mazungumzo yangekuwa mengine.

Kwenye korido ya hospitali ndipo ndugu wawili walipokoroganana.

Dogo alisema maneno makali, na si ya kuandikwa hapa. Lakini dada naye alikuwa na jibu, na wala halikuwa jibu la kijinga. "Wewe unasema mashine yangu ni ya kitapeli. Na hiyo yako je? Nayo ni kidude cha plastiki chenye skrini. Yangu inatoa namba, yako inatoa namba. Kwa nini niamini yako?"

Dogo akanyamaza. Alikuwa amezoea kutamka neno "sayansi" kana kwamba likishatamkwa mjadala umeisha. Sasa ameulizwa sayansi yenyewe inajulikanaje, na jibu hana.

Koti jeupe si jibu, hata muuza unga wa kijani analo. Maneno magumu si jibu, maana ile mashine ilijiita ya "kwantamu" na kwenye vipeperushi vyake maneno ya fizikia yalikuwa mengi kuliko kwenye daftari la kidato cha nne. Vyeti ukutani navyo vilikuwepo. Ushuhuda wa waliopona ulikuwepo kila Ijumaa, tena kwa video. Kama sayansi ni muonekano, ile mashine ilikuwa imependeza kuliko maabara ya hospitali.

Asubuhi yake dogo alirudi na jibu, na lilitoka kwenye boksi la kipimo chake. Ndani ya maboksi hayo huwa kuna karatasi ya maandishi madogo ambayo watu wengi huitupa. Humo kuna kitu ambacho kwenye ile mashine hakipo popote: kiasi cha kukosea. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 kwa vipimo vya nyumbani kinataka, sukari ikiwa 5.5 au zaidi, angalau majibu 95 katika kila 100 yasipishane na jibu la maabara kwa zaidi ya asilimia 15. Yaani kama sukari yako ya kweli ni 10, kipimo kinaruhusiwa kusoma kati ya 8.5 na 11.5. Kikitoka nje ya hapo mara nyingi, hakifai. Kwa hiyo unaweza kukikamata. Pima kidole, peleka damu maabara siku hiyo hiyo, linganisha.

"Yangu imeandika yenyewe lini inakosea," akamwambia dada yake. "Ya kwako imeandika wapi?"

Wazo hilo lina historia. Mwaka 1919 kijana mmoja wa Vienna aitwaye Karl Popper alikuwa akijitolea na watoto kwenye kliniki za Alfred Adler, mwanasaikolojia aliyeamini kwamba chimbuko la tabia nyingi za watu ni kujiona duni. Popper akamletea kesi ya mtoto ambayo yeye hakuona kama inaingia kwenye nadharia hiyo. Adler akaieleza papo hapo kwa nadharia yake, na mtoto mwenyewe hajamwona. Popper akagundua jambo lililomsumbua: mtu akimtupa mtoto mtoni, nadharia inaeleza; mwingine akijitosa kumwokoa mtoto huyo, nadharia ile ile inaeleza pia. Hakuna kinachoweza kutokea duniani kikasema nadharia imekosea.

Mwaka huo huo, tarehe 29 Mei, jua lilipatwa. Mwingereza Arthur Eddington alikuwa amesafiri mpaka kisiwa cha Príncipe, pwani ya magharibi ya Afrika, kupiga picha za nyota zilizoonekana jirani na jua lililofunikwa. Timu nyingine ilikuwa Sobral, Brazil. Einstein alikuwa ameshasema, kwa namba, kwamba mwanga wa nyota ukipita karibu na jua utapinda kiasi fulani, takribani mara mbili ya kile kilichotokana na hesabu za Newton. Picha zingeonesha namba nyingine, Einstein angeumbuka mbele ya dunia nzima. Novemba matokeo yakatangazwa London, na yalikuwa upande wake. Kilichomvutia Popper zaidi ya ushindi ule ni kwamba Einstein alikubali kuingia mahali ambapo angeweza kushindwa. Kitabu alichojengea hoja hiyo kilitoka mwaka 1934: nadharia ya kisayansi ni ile inayosema mapema ni kitu gani kikitokea, yenyewe imekwisha.

Dogo akafanya hivyo hivyo. Kabla ya kwenda popote aliandika kwenye karatasi: "Kama mashine inasoma mwili, ripoti tatu za mtu mmoja ndani ya saa moja zitafanana. Kama inasoma tulichokiandika kwenye kompyuta, zitafuata umri na jina. Zikifanana, nitamwomba dada radhi mbele ya wafuasi wake wote." Akasaini. Dada naye akasaini. Hapo wote wawili walikuwa na kitu cha kupoteza.

Siku ya tatu, kwenye tawi ambalo hawamfahamu, rafiki yao mmoja alipimwa mara tatu ndani ya saa moja, kila mara kwa mhudumu tofauti. Mara ya kwanza aliandikishwa kijana wa miaka 25. Mara ya pili, miaka 63 na uzito wa juu. Mara ya tatu akasema anamsaidia mke wake aliye nje kwenye gari, anaona aibu kuingia. Likaandikwa jina la mwanamke, kifimbo akashika yeye. Wa miaka 25 alikuwa mzima kama ng'ombe. Wa miaka 63 alikuwa na mishipa migumu, mifupa inayokwisha na tezi dume inayohitaji makopo manne. "Mke" alikuwa na uvimbe unaoanza kwenye kizazi.

Mrembo akaomba jaribio la mwisho yeye mwenyewe, kwenye tawi lake, ambako hakuna anayemuuliza kitu. Akakizungushia kifimbo kitambaa kibichi, akakiweka mezani, akabonyeza kuanza. Kurasa 34. Kitambaa kilikuwa na upungufu wa kalisi, na kongosho lake lilikuwa vizuri.

Alicheka kwanza, asikuambie mtu. Halafu akakaa chini, kwa sababu lile neno "vizuri" ndilo lililomlaza mama yake.

Alipompelekea bosi wa kampuni karatasi zote, majibu yalikuwa mengi. Siku hiyo umeme ulikuwa mdogo. Kijana alivaa saa ya mkononi. Wahudumu wa tawi lile ni wapya. Mpimaji akiwa na nia mbaya, nishati inavurugika. Na kitambaa? Kitambaa kilibaki na nishati ya mtu aliyekishika.

Hapa inabidi kuwa makini, maana wanasayansi nao hujitetea. Karne ya 19 sayari ya Uranus ilikuwa haipiti pale hesabu za Newton zilipotaka ipite. Hakuna aliyesema haraka haraka kwamba Newton kakosea. Mfaransa Urbain Le Verrier alisema huenda kuna sayari nyingine isiyojulikana inayoivuta. Ukiitazama kwa mbali, hiyo ni janja ya kumwokoa Newton, sawa na ile saa ya mkononi. Tofauti ni kwamba Le Verrier alitoa anuani: tazameni pale angani. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846, Johann Galle akaelekeza darubini kutoka Berlin na kuikuta Neptune, pungufu ya nyuzi moja kutoka mahali alipoambiwa. Utetezi wa kisayansi unakupa kitu kipya cha kwenda kukagua. Utetezi wa bosi ulikuwa unafunga milango. Vua saa, atasema simu. Zima simu, atasema nia.

Hata wanafalsafa hawajakubaliana juu ya mpaka kamili. Wengine waliofuata baada ya Popper walisema kipimo chake peke yake hakitoshi, kwa sababu kuna mambo ya uongo yanayopimika, yalishapimwa, yakashindwa, na bado yanauzwa. Ni kweli. Kwa hiyo swali la pili ni muhimu kama la kwanza: baada ya kushindwa, ulifanya nini?

Mrembo alimuuliza bosi swali moja la mwisho kwa meseji: "Kitu gani kikitokea, mtakubali kwamba mashine imekosea?" Jibu lilikuja baada ya siku mbili: "Dada, mashine yetu haiwezi kukosea."

Linganisha na kilichotokea hapa hapa kwetu. Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, wa sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza zilikuwa zinagombaniwa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yake yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akiwa Mkwawa, Iringa, alichekwa kwamba hiyo ni "fizikia ya Mpemba". Siku alipokuja mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, Mpemba akasimama na kuuliza tena mbele ya wenzake waliokuwa wakicheka. Osborne naye hakuamini. Ila alirudi chuoni akaagiza lijaribiwe. Fundi wa maabara akaleta habari kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, akaahidi kwamba watarudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 makala ya Mpemba na Osborne ikachapishwa, na dunia nzima ikaanza kusema "athari ya Mpemba".

Na haikuishia hapo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima tena kwa makini na kusema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi. Wengine bado wanabishana nao. Jina la Mtanzania limo kwenye fizikia, na bado watu wanaruhusiwa kulipinga, kwa vipimo. Hakuna anayesema Mpemba hawezi kukosea, wala hakuna anayesema kwamba kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa aiskrimu hawezi kuwa sahihi.

Mama, alipopata nguvu, alikuwa na lake. "Mnasema sayansi, sayansi. Mbona bibi yenu alitulea kwa mitishamba na hatukufa?" Dogo hakumkatalia. Akamuuliza dawa aliyopewa mwaka jana alipougua malaria. "Mseto." Basi, ndani ya dawa mseto kuna dawa iliyotokana na mmea ambao Wachina waliutumia kutibu homa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Miaka ya mwanzo ya 1970 mtafiti Tu Youyou alisoma maandiko ya kale, akaona kwamba kuchemsha mmea huo huenda kunaua nguvu yake, akabadili njia, akapima kwa panya, kisha yeye na wenzake wakainywa wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel. Hakuna aliyeutupa mti kwa sababu ni mti. Uliwekwa kwenye mtihani ambao ungeweza kuushinda, na ukapita. Unga wa kijani haujawahi kupelekwa kwenye mtihani wowote, na wanaouuza hawataki upelekwe.

Mkataba haukuongezwa. Milioni mbili za kila mwezi ziliondoka, na gari alilokuwa amelilipia nusu likarudi kwa mwenyewe. Mrembo alifuta matangazo yote, kisha akaposti picha mbili tu: kurasa za rafiki yake mmoja, ndani ya saa moja, upande huu miaka 25, upande huu miaka 63. Chini akaandika swali lile lile alilomuuliza bosi. Maneno aliyoyapata unaweza kuyakisia. "Umehongwa na hospitali." "Unatafuta kiki." "Mimi mbona nilipona?" Wafuasi kadhaa elfu wakaondoka. Wapo pia waliomwandikia pembeni, kimya kimya, kwamba baba zao nao vidonge viko kwenye droo.

Huyo wa "mimi nilipona" hastahili matusi. Huenda kweli alipona. Kuna maumivu mengi ambayo huondoka yenyewe, na wanaorudi kutoa ushuhuda ni waliopona tu. Aliyezidiwa yuko wodini, harekodi video.

Mama sasa ana kipimo chake na daftari la shule lenye picha ya twiga. Kila asubuhi anachoma kidole na kuandika tarehe na namba. 7.2. 6.8. Siku moja baada ya harusi ya jirani, 13.1, na pembeni ameandika "pilau". Binti yake alimwambia hiyo angeiruka tu, ilikuwa siku ya sherehe. Mama akakataa. Akiziruka mbaya, alisema, daktari atamtibu mtu mwingine.

Na wewe mdau, ripoti yako ya kurasa thelathini iko wapi? Kabla hujaacha dawa ya mtu yeyote nyumbani kwa sababu yake, rudi pale na rafiki, mshike kifimbo mara mbili kwa majina mawili.